Dawa za Meno Yenye Ganzi: Soma Nyuma ya Tyubu

Sensodyne na Colgate Sensitive Pro-Relief hupangwa rafu moja na zote huahidi kuondoa ganzi ya meno, ila hazifanyi kazi kwa namna moja. Jino hushtuka kwa maji ya baridi au ukwaju pale dentini, tabaka la jino lililo chini ya gamba gumu la nje, inapobaki wazi, mara nyingi karibu na fizi iliyoshuka. Dentini ina vitundu vyembamba mno vyenye majimaji. Yakisukumwa, mshipa wa fahamu hupata habari.

Sensodyne yenye potasiamu naitreti, asilimia 5, haizibi vitundu hivyo. Hutuliza mshipa, tena polepole: wiki mbili hadi nne, asubuhi na usiku. Wanaoiita dawa feki siku ya tano wameihukumu mapema. Ukiiacha, ganzi hurudi.

Pro-Relief yenye arginini asilimia 8 na kalsiamu kaboneti huziba vitundu. Paka kidogo kwa kidole safi kwenye jino linalosumbua, sugua taratibu dakika moja. Nafuu huweza kuja hapo hapo. Kama tatizo ni jino moja au mawili, tungeanza na hii. Halafu endelea nayo kwa mswaki kila siku, maana vyakula vyenye asidi hufungua tena kilichozibwa.

Sensodyne Repair & Protect inahitaji macho zaidi. Ya Marekani ina stanasi floraidi, aina ya floraidi, wakati nchi nyingi nyingine huuziwa yenye NovaMin, kiambato chenye kalsiamu na fosfeti. Zote huziba vitundu, lakini anayeletewa tyubu na ndugu aliye ughaibuni asishangae maandishi yakitofautiana.

Bei ya zote ni juu kuliko dawa ya kawaida, na pesa hiyo hupotea kwa mambo madogo: mswaki mgumu, kusugua kwa nguvu kama sufuria lenye ukoko, unga wa mkaa wa kung'arisha meno, au kusukutua kwa kikombe kizima cha maji. Tema povu, basi. Ukitoka kunywa soda au juisi ya ndimu, subiri nusu saa ndipo upige mswaki.

Maumivu yakibaki baada ya baridi kuisha, yakikuamsha usiku au yakija unapotafuna, huenda jino limetoboka au lina ufa. Hapo usinunue tyubu ya pili. Nenda kwa daktari wa meno. Watoto chini ya miaka 12 waanzie huko huko.