Adapta ya M42 kwenda Sony E: mwaka mmoja na lenzi ya mjomba

Mjomba aliniachia lenzi ya Helios 44-2 ya milimita 58, ya kufungwa kwa hesi ya M42, pamoja na kamera ya filamu iliyokwisha kufa. Lenzi ni nzima, pete yake ya fokasi inazunguka laini kama imetiwa mafuta jana. Nilichokosa ni njia ya kuifunga kwenye kamera yangu ya Sony, yenye mdomo wa lenzi uitwao E, isiyo na kioo cha ndani. Nimenunua adapta mbili, na ninayoisifu hapa ni ya pili.

Ukiishika mkononi ni pete ya chuma tu. Haina kioo cha lenzi wala umeme. Upande mmoja hesi ya milimita 42, upande wa pili meno ya kuuma kamera. Kazi yake ni kutunza umbali. Lenzi za M42 zilitengenezwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu, na Sony E inadai milimita 18 tu kutoka kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Adapta inajaza zile 27.46 zilizobaki. Mwenye kamera ya mdomo wa Nikon F hana bahati hiyo: kamera yake yenyewe inadai 46.5, kwa hiyo pete tupu itamnyima picha za mbali.

Adapta ya kwanza ilikuwa nene kupita kiasi. Nilizungusha lenzi hadi mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala, ya vitu vya mbali kabisa, na bado mnara wa mbali ulikuwa na ukungu. Niliumia, nikidhani lenzi ya mjomba imeharibika. Kumbe unene ukizidi kwa milimita 0.1 tu, lenzi ya 58 haifiki vizuri zaidi ya mita 34 hivi! Hii ya pili ni fupi kidogo, fokasi inapita alama kwa kama unywele. Napendelea hivyo, kwa sababu ukipita unarudi, lakini ukipungukiwa huna pa kwenda.

Ndani imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kukatwa mifereji midogo. Usidharau hilo. Ile ya kwanza iling'aa ndani, na kila nilipoelekea dirishani picha ilifunikwa na weupe kama maziwa.

Kuna skrubu tatu ndogo ubavuni. Hesi ya M42 huishia popote inapotaka, na mara ya kwanza namba za lenzi zilitazama chini. Nililegeza skrubu, nikazungusha pete ya ndani, nikakaza, namba zikaja juu. Ina pia ukingo wa ndani unaobonyeza kile kipini cha nyuma cha lenzi za otomatiki, ili tundu la kupitisha mwanga lifunge unapozungusha namba. Helios yangu haina kipini, lakini Takumar niliyoazima ilikuwa nacho, na ilifanya kazi.

Kwenye kamera, ruhusu kwanza shata ifanye kazi bila lenzi, la sivyo itagoma. Kama kamera yako ina kitulizaji cha mtikisiko ndani, iandikie 58 kwa mkono. Zile rangi zinazoonyesha kingo zilizo kali zinasaidia, ila kwenye f/2, tundu likiwa wazi kabisa, zinadanganya. Mimi hukuza picha kwenye skrini hadi nione kope.

Kasoro ninayoiona ni mbili. Faili la picha halihifadhi namba ya tundu, hivyo naandika kwenye daftari. Na meno yameanza kuchubuka, kwa hiyo kila nikiifungua nainamisha kamera chini na kupuliza vumbi la chuma kwa pampu ya mkono kabla halijafika kwenye sensa.

Wiki iliyopita nilimpiga bibi picha chini ya mti, f/2, kutoka kama mita moja na nusu. Majani nyuma yake yamezunguka kama maji yanayokorogwa, na macho yake yametulia katikati, makali. Picha hiyo ameiomba yeye mwenyewe ichapwe kubwa.