Koilova za bei nafuu kwenye Impreza yangu: miezi 14 ya barabara za Nairobi

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, injini EJ205 ya lita 2.0 yenye tabo. Nilipolinunua, shoki zake zilikuwa zimekwisha. Ya nyuma kushoto ilivuja mafuta, na kila nikipita tuta gari liliruka-ruka mara tatu nne kabla ya kutulia. Nilikusudia kurudishia shoki za kawaida tu, lakini nilipojumlisha shoki nne za asili, springi mpya na mipira ya juu, hesabu ilikaribia bei ya seti ya koilova kutoka Taiwan, yaani shoki zilizovikwa springi ambazo unaweza kurekebisha kimo chake. Nikachukua koilova.

Jina la kampuni naliacha. Seti za bei hii zinakaribiana sana, na yaliyonipata yanahusu ufungaji kuliko nembo. Nililipa shilingi 118,000, ushuru na VAT ya asilimia 16 zikiwa ndani. Kwenye boksi kulikuwa na miguu minne (shoki na springi yake) iliyokwisha unganishwa, spana mbili za kola, yaani pete zinazozungushwa kwenye mguu, na kitufe cha kuzungusha ugumu wa shoki chenye kliki 30. Springi za mbele ni kilo 8 kwa milimita, yaani uzito wa kilo 8 huibana springi milimita moja. Za nyuma ni kilo 6. Bakuli za juu za mbele, zinazofunga mguu kwenye bodi, zina nafasi ya kusogeza kemba, yaani mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje, kitu ambacho shoki za asili hazina.

Wiki mbili za kwanza nilizichukia. Gereji ya Industrial Area iliyozifunga ililishusha gari kiasi kwamba kidole hakikupita kati ya tairi na fenda. Kwenye picha lilipendeza mno. Lakini kutoka pale hadi Buruburu kwa Jogoo Road kila shimo lilinipiga mgongoni, na tumbo la gari lilikwaruza matuta ya mtaani ambayo Vitz yenye watu watano huyapita bila shida. Jumamosi ile nilimpeleka mama kliniki. Alishika mpini wa mlango njia nzima, hakusema neno. Mama yangu akinyamaza hivyo, najua anaumia.

Jumatatu nililipeleka kwa fundi mmoja wa Grogan, eneo la gereji hapa Nairobi, mzee aliyewahi kuhudumia magari ya mashindano. Aliliegemea bampa la mbele kwa uzito wake wote, akaachilia, akanigeukia.

“Kijana, gari hili linakalia mpira, halikalii springi.”

“Mzee, si ni ugumu wa koilova tu?”

“Ugumu ni wa springi. Hii yako inafika mwisho kabla haijaanza kazi. Weka jeki uone.”

Tulipoinua gurudumu, springi ilicheza mkononi mwake kama bangili. Hapo ndipo nilipoelewa. Koilova za aina hii zina sehemu mbili za kurekebisha. Kola ya juu hushikilia springi, na kiatu cha chini, kinachofungwa kwenye gurudumu, huzungushwa ili kurefusha au kufupisha mguu mzima. Kimo cha gari kinatakiwa kibadilishwe kwa kile kiatu. Gereji ya kwanza ilikuwa imeshusha kola. Springi ikalegea, na chuma cha shoki kikazama ndani, kikabakiwa na nafasi ndogo sana kabla ya kugonga mpira wa mwisho. Kwa hiyo kila shimo lilikuwa linaufikia mpira huo.

Mzee alikaza kola hadi springi ikakaa bila kucheza, akaongeza milimita 5, kisha akapandisha gari kwa viatu vya chini. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Lilikuwa limeshushwa milimita 60 kutoka kimo cha asili. Sasa liko chini milimita 25 tu. Akanieleza jambo jingine ambalo sikulijua. Kwenye mguu wa strati kama wa Impreza, yaani shoki na springi zikiwa kitu kimoja kinachoshika gurudumu, gari likishuka mno mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi) huelekea juu upande wa gurudumu, na gari huanza kulala zaidi kwenye kona ingawa uzito wake uko chini. Bolti za bushi, mipira ya viungo vya mikono hiyo, alizikaza magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi. Zikikazwa gari likiwa hewani, mpira wa bushi hubaki umejipinda siku zote na hupasuka mapema.

Nilimkumbuka baba. Alipenda sana Safari Rally, na Impreza ilishinda hapa mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, kisha mwaka 2000 na Richard Burns. Magari yale yalinyanyuliwa, na miguu yake ilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Natamani ningelifikiria hilo kabla ya kuvutiwa na picha.

Tangu siku ile ni gari jingine. Kwenye Nairobi Expressway, pale juu kwenye viungo vya daraja, kwa mwendo wa 80 unasikia kishindo kimoja kifupi, basi, gari limetulia. Magadi Road, baada ya Kiserian kuelekea Corner Baridi, ndiko nilikoona thamani ya pesa yangu. Pua inageuka mara tu unapogeuza usukani, na katikati ya kona gari halihangaiki ukikanyaga kiraka cha lami. Ni gumu kuliko la asili, hilo silifichi. Mama hupanda tena, ila huomba kiti cha mbele.

Kasoro zipo. Bakuli za juu ni za chuma bila mpira, kwa hiyo barabara ya vumbi huleta mlio wa kokoto, na mvua za Machi hadi Mei ziliongeza mkwaruzo kila nikikata usukani kuegesha. Nyuzi za skrubu za kola huanza kutu zisipopakwa grisi. Mimi huziosha na kuzipaka kila miezi mitatu. Mwezi wa 11 tangu zifungwe, shoki ya mbele kulia ilitoka jasho la mafuta. Nilinunua mguu mmoja peke yake kwa shilingi 21,000, na kwangu hii ni faida kubwa ya seti hizi: huhitaji kununua zote nne.

Tengeni pia pesa za alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, mara mbili. Springi mpya hushuka kidogo baada ya wiki mbili, na vipimo vya siku ya kwanza havibaki. Yangu imetulia kwenye kemba ya nyuzi −1.8 mbele na −1.4 nyuma, magurudumu yakiwa sambamba. Mjini naweka kliki 20 kutoka mwisho mgumu, Magadi Road 13. Mwenye WRX ya umbo hili anaweza kuanzia hapo, akasogeza kliki mbili mbili kwenye barabara anayopita kila siku.