HandBrake kwa video za harusi: inachotengeneza na inachokuachia

Kazi yangu ni kupiga video za harusi za wanawake hapa Lamu, na wateja wangu wengi hawataki hata kusikia habari ya WhatsApp. Usiku wa kupamba, wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza wao kwa wao. Picha moja ikitoka humo ndani ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu, ni ugomvi wa koo mbili. Kwa hiyo huniomba niwawekee video kwenye vile vipleya vidogo visivyo na laini wala intaneti, vile ambavyo watoto huangalia katuni ndani ya basi la Mombasa. Bibi harusi anakabidhiwa chake mkononi, basi.

Taabu ni sauti. Mama mmoja wa Langoni alinirudishia kipleya akaniambia, "Mwanangu, mbona huyu apiga pembe leo na mlio waja kesho?" Kwenye nyimbo za kawaida unaweza kumdanganya mtazamaji, kwani midomo ya waimbaji wengi haionekani vizuri. Kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe kwa kijiti, huwezi. Kijiti kinagonga pembe mbele ya macho yako, na sikio linadai mlio wake papo hapo. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake BT.1359 inasema mtu huanza kugundua sauti inapoitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa milisekunde 125. Video za wateja wangu zilikuwa zikichelewa kwa sekunde nzima, na zaidi.

Programu niliyokuwa nikitumia kugeuza video zikubalike na kipleya ni ile iliyokuja na kisahani ndani ya boksi lake. Sitaitaja jina, na sidhani inalo. Sasa kwa kazi hiyo hiyo natumia HandBrake, na hii ndiyo tathmini yangu baada ya msimu mzima wa harusi.

HandBrake ni ya bure kabisa, haina matangazo wala nembo ya kukuharibia picha, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ilianzishwa mwaka 2003 na Eric Petit, ikafika toleo la 1.0 Desemba 2016, yaani watu hawa hawana haraka. Ipakue kutoka handbrake.fr tu. Mei 2017 wahalifu waliingilia moja ya seva zake za kupakulia wakaweka toleo la Mac lenye virusi kwa siku chache, na kama hilo liliwezekana kwao wenyewe, fikiria tovuti nyingine zinazojidai kukugawia.

Kabla ya kuigusa, jua kwanza ugonjwa wako ni upi, maana ni miwili. Chukulia watu wawili wanaotoka Lamu kwenda Shela kwa miguu. Mmoja akichelewa kuondoka lakini mwendo wao ni sawa, umbali kati yao hautabadilika mpaka wafike. Wakiondoka pamoja na mmoja ni mzito wa miguu, kila hatua wanazidi kuachana. Sauti ni hivyo hivyo. Fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezesha video, kwenye Windows, tafuta mahali karibu na mwanzo penye kishindo kinachoonekana, kisha bonyeza J au K mpaka mlio na picha vikutane. Kila ukibonyeza, sauti inasogea milisekunde 50. Halafu ruka hadi karibu na mwisho. Vikiwa bado vimekutana, una ucheleweshaji wa kudumu. Vikiwa vimeachana tena, una kuachana kwa mwendo, na huo ndio ugonjwa wa video za simu.

Chanzo chake ni hiki. Simu ikiambiwa irekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, haifanyi hivyo wakati wote. Kwenye mwanga hafifu huacha kila fremu ikusanye mwanga muda mrefu zaidi, na kasi inashuka, kisha taa zikiwaka inapanda tena. Ukumbi wa kupamba una taa za rangi zinazowaka na kuzimika usiku kucha, kwa hiyo kasi haitulii. Programu ya ovyo haisomi saa ya kila fremu, yaani wakati wake wa kuonekana. Inahesabu kwamba zote ni 30, inazipanga hivyo, na picha inakimbia huku sauti ikibaki nyuma. Hata tofauti ndogo ni sumu: faili ya fremu 29.97 ikichezwa kama 30, kwa saa moja picha inatangulia sekunde 3.6. Na harusi ya Lamu haiishi kwa saa moja.

Hapa ndipo HandBrake ilipouteka moyo wangu. Inasoma saa ya kila fremu, na ukiiambia kasi iwe moja, inarudia fremu palipopungua na kuacha palipozidi, ili picha iendelee kufuata sauti. Lakini lazima uiambie. Mipangilio yake ya tayari, kama ile ya "Fast 480p30", hutumia "Peak Framerate", ambayo inaweka kikomo cha juu tu na kuiacha kasi ipande na kushuka chini yake. Ingia kwenye ukurasa wa video, chagua 30 mwenyewe badala ya "Same as source", halafu weka alama kwenye "Constant Framerate". Ni vibonyezo viwili tu, na bado naona vingepaswa kuwa mbele kabisa, si vya kutafutwa.

Iletee faili halisi kutoka kwenye simu. Ukishakata na kuunganisha kwenye programu ya kuhariri, sauti ikaachana humo, ukahifadhi, HandBrake itaupokea ule mchanganyiko kama ulivyo na kukurudishia vilevile. Mimi hupanga vipande vyote vya usiku kwenye foleni yake, naiacha kompyuta ikifanya kazi nikiwa nimelala, asubuhi ndiyo nahariri. Nikimaliza narudi kwake tena kupunguza video iwe ya kipleya: nukta 640 kwa 480, picha iliyobanwa kwa H.264 ya wasifu mwepesi wa "Baseline", sauti iliyobanwa kwa AAC. Video ya namna hiyo iPod Classic ya Apple inaikubali, na vipleya vingi vya kawaida pia. Usione picha ya 1080 inapendeza ukaipeleka hivyo hivyo. Kipleya dhaifu hushindwa kufungua fremu kwa wakati, kinaziruka, na mteja anakuja kwako akidai sauti imeharibika wakati faili ni nzima. Na akikwambia anasikilizia spika ya Bluetooth, mwambie kwanza achomeke spika za masikioni za waya. Bluetooth yenyewe huchelewesha sauti.

Sasa mapungufu. Ucheleweshaji wa kudumu, ule wa msafiri aliyechelewa kuondoka, HandBrake haina pa kuurekebisha. Ina pa kusogeza maandishi ya tafsiri, ila sauti haina, jambo ambalo kwa programu ya umri huu ni aibu kidogo. Hapo nakwenda kwa FFmpeg, programu ya kuandika amri, isiyo na dirisha wala vitufe vya kuvutia. Sauti ikitangulia kwa sekunde 0.3, naandika:

ffmpeg -i harusi.mp4 -itsoffset 0.3 -i harusi.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy harusi2.mp4

Kama sauti ndiyo inayochelewa, weka -0.3. Haipiki video upya, inahamisha tu, kwa hiyo inamaliza upesi na ubora haupungui. Ile namba uliyoipata kwa J na K kwenye VLC ndiyo unayoiweka hapo.

La pili, HandBrake inatoa faili za aina ya MP4, MKV na WebM tu. AVI waliiondoa miaka mingi iliyopita, na siwalaumu, kwani AVI yenye sauti ya MP3 ya kasi inayobadilika ni chanzo kingine maarufu cha sauti kuachana na picha. Ila vile vipleya vya bei ya chini kabisa, vyenye skrini ya vidole viwili, vimeandikwa MP4 mgongoni na faili ya MP4 havichezi. Vinataka AMV: picha ndogo kama 160 kwa 120, sauti ya sampuli 22,050 kwa sekunde. FFmpeg inaweza kuitengeneza, HandBrake haiwezi. Siku hizi namwomba mteja anioneshe kipleya chenyewe kabla sijapokea malipo ya kwanza, na kikiwa cha AMV bei yangu inapanda.