Siku Mbili Kunduchi: Magofu, Chakula cha Pwani na Kisiwa cha Mbudya

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanapotafuta mahali pa kupumzika mwishoni mwa wiki huwaza kupanda boti kwenda Unguja, au kuwasha gari na kuelekea Bagamoyo. Safari hizo mbili ni nzuri, lakini zinadai fedha na muda ambao mtu aliyetoka kazini Ijumaa jioni mara nyingi hana. Ipo safari ya tatu, ambayo naona familia yenye Jumamosi na Jumapili tu inapaswa kuifikiria kwanza: Kunduchi, kaskazini mwa jiji, ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Hapo magofu ya kale, kijiji cha wavuvi na kisiwa cha Mbudya vimekaribiana, hata mtu hahitaji kutumia nusu ya mapumziko yake barabarani. Nimeridhika na safari hii kwa sehemu kubwa, na pale ambapo sikuridhika nitasema. Ila nasisitiza mapema suala la mpangilio: anayeanza na magofu kabla ya kwenda baharini hupata faida ambayo anayekimbilia ufukweni moja kwa moja haipati.

Njia ni Barabara ya Bagamoyo, na kwa kuwa inapita Kijitonyama, ni vyema kusimama kwanza katika Kijiji cha Makumbusho, ambacho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa na kimekuwapo tangu miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa vipimo halisi, kuanzia msonge wa Wahaya, ulioezekwa nyasi kutoka juu hadi karibu na ardhi, hadi tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo. Watoto huingia na kutoka kwenye nyumba hizo kwa furaha, na mwishoni mwa wiki kwa kawaida huwapo ngoma nyakati za mchana. Saa moja na nusu inatosha. Atakayesubiri ngoma hadi mwisho atafika Kunduchi jua likiwa linazama, na magofu yanahitaji mwanga.

Ukishuka kituo cha Mtongani, bajaji au bodaboda zitakuingiza ndani kuelekea baharini. Magofu yamekaa chini ya mibuyu mikubwa: mabaki ya msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale huuweka katika karne ya 15 au ya 16, na makaburi ambayo mengi yake ni ya karne ya 18. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, hivyo magofu haya yamo katika ulinzi huo. Msikiti ulijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale juu ya magogo hadi yakageuka unga mweupe. Fundi wa pwani hakuhitaji kuagiza kitu kutoka mbali: jiwe lilitoka baharini, boriti zilitoka kwenye mikoko, na maarifa yalirithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake.

Makaburi ndiyo yaliyonishika zaidi. Baadhi yamesimamishiwa nguzo za mawe upande wa kichwani, mtindo unaopatikana katika mwambao wa Afrika Mashariki kuanzia Somalia hadi huku kwetu, na nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, zilizopachikwa kwenye chokaa ilipokuwa bado mbichi. Vyombo vingi vimeng'olewa kadiri miaka ilivyopita, na kilichobaki mara nyingi ni shimo la mviringo lenye ukingo laini. Sogea karibu, bila kugusa, uutazame ukingo huo: unaonesha duara kamili la kitako cha bakuli, na chokaa iliyolizunguka bado ina alama za mkono wa fundi aliyeisawazisha. Mtu aliyezikwa hapo alikuwa na uwezo wa kununua chombo kilichovuka Bahari ya Hindi, na jamaa zake waliona chombo hicho kinafaa kumkumbuka kuliko kuendelea kukitumia mezani.

Hapo ndipo faida ya kuanza na magofu inapoonekana. Bakuli la China halikufika Kunduchi kwa bahati. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi katika miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka, na kusi ikayarudisha kuanzia mwezi wa Aprili. Bidhaa za China zilikuwa zikipita katika bandari kadhaa na mikono mingi kabla ya kufika hapa. Anayesimama mbele ya kaburi lile, kisha akatembea hadi ufukweni, ataitazama bahari kama barabara iliyowaunganisha watu wa Kunduchi na dunia miaka mingi kabla ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar kuanza kujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Ni aibu kwamba wengi wetu tunaupita urithi huu tukiwa na taulo begani.

Nashauri mgeni atafute mtu wa kumtembeza na kumweleza, kwa sababu mawe haya hayajielezi, na bila maelezo mtoto ataona kuta zilizobomoka tu. Aidha, haya ni makaburi. Mavazi yawe ya heshima, watoto wasipande juu ya kuta, na picha zipigwe kwa adabu. Ukimkuta mzee wa hapo, anza na shikamoo kabla ya swali lolote. Utapata maelezo ambayo hukutarajia, na hutahisi kama umevamia.

Jioni ni zamu ya kijiji. Kunduchi ni mahali pa wavuvi, na mama lishe wa pwani wanapika kile kilichotoka baharini siku ileile. Nilipouliza kuna nini, mama mmoja alinijibu, "Karibu mwanangu, kuna changu wa nazi, kisamvu na wali, pweza ameisha." Nilichukua changu. Alikuwa akimalizia sufuria nyingine, nami nikapata nafasi ya kuangalia kazi yake: nazi imekunwa kwenye mbuzi na kuchujwa kwa kifumbu, tui jepesi limetangulia kupikia samaki pamoja na nyanya, kitunguu, bizari na pilipili nzima, na tui zito limewekwa mwishoni kabisa, huku akikoroga taratibu upande mmoja ili lisikatike. Mchuzi uliotoka ulikuwa mzito bila kuwa na mafuta mengi, na ukwaju kidogo aliouongeza uliusawazisha utamu wa nazi. Wali haukuwa na dosari. Kisamvu kilikuwa kimetwangwa hadi kikalainika kabisa, lakini chumvi ilizidi kidogo kwa mdomo wangu. Kwa bei ya mlo huo, mtu asingepata hata kinywaji na sambusa katika hoteli za ufukweni, na wala si kwamba chakula cha hoteli kingekuwa kitamu zaidi.

Usiku wenyewe hauna mengi ya kueleza. Eneo lote kuanzia Mbezi Beach hadi Kunduchi lina hoteli za kila hadhi pamoja na nyumba za wageni za bei nafuu. Mahali nilipolala palikuwa safi, ila chumba nilichoahidiwa kwa simu kuwa kinaelekea baharini kilikuwa kinaelekea ukuta, na mhudumu wa mapokezi hakuonekana kuliona hilo kuwa tatizo. Atakayefuata aombe kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya boti, tembea ufukweni uangalie kazi ya maji. Pwani ya Kunduchi imekuwa ikimomonyoka kwa miongo mingi, na wamiliki wa majengo wamepanga mawe kuzuia mawimbi. Watafiti wa bahari wametaja miongoni mwa sababu uchimbaji wa mchanga katika mito midogo kama Tegeta na Mbezi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe huu mchanga mpya kila mvua inaponyesha. Mchanga unaobebwa na malori kwenda kujengea nyumba zetu haufiki baharini, na bahari huchukua ule uliopo. Nalitaja jambo hili katika tathmini ya matembezi kwa sababu ufukwe ni sehemu ya kile ambacho mgeni anakilipia, na kwa sababu inaniuma kuona mahali ninapopapenda panapungua.

Mbudya ni mojawapo ya visiwa vinne, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Hakuna makazi ya kudumu kisiwani, uvuvi hauruhusiwi ndani ya eneo tengefu, na kila mgeni hulipa kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Hakikisha umepewa stakabadhi ya kiingilio, na pia hakikisha boti ina maboya ya kujiokolea kwa kila abiria, wakiwamo watoto. Nahodha mmoja aliniambia safari ni fupi mno kwa hiyo maboya hayana haja; nilishuka nikatafuta mwingine, na namshauri kila mzazi afanye vivyo hivyo. Muulize pia nahodha habari za maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali sana na utalazimika kutembea majini mwendo mrefu kuifikia boti, jambo gumu kwa wazee na kwa wanaobeba watoto.

Kisiwani maji ni maangavu kuliko ufukweni Kunduchi. Ukikodi miwani ya kupigia mbizi na mrija wa kupumulia utaona matumbawe, viti vya pweza, na samaki wadogo wenye milia wakiingia na kutoka kwenye mapango yao. Matumbawe hayako katika afya moja kila mahali: uvuvi wa baruti uliiharibu sana pwani yetu, na joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya matumbawe mengi ya Tanzania kupauka na kufa. Ndiyo maana usiyakanyage. Vaa yeboyebo au viatu vingine vya mpira, kwa usalama wako pia, kwani kwenye mawe wamo wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia mguuni huharibu siku nzima. Anayependa kutembea afuate njia za ndani ya kisiwa, penye vichaka na mibuyu. Yupo pia kaa mkubwa wa nchi kavu, yule anayeweza kupanda mnazi na kuvunja nazi, lakini hujitokeza usiku, kwa hiyo mgeni wa mchana asimtegemee.

Chakula cha Mbudya kinahitaji subira. Ukifika, chagua samaki wako mapema na muafikiane bei kabla hajawekwa motoni, kwa maana foleni ya jiko huwa ndefu Jumapili. Nilichagua kolekole wa wastani. Alichanjwa pande zote mbili, akapakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, akaachwa kidogo viungo viingie, kisha akawekwa juu ya mkaa ambao moto wake ulikuwa umekwisha kutulia. Aliletwa na ndizi za kukaanga, kachumbari na pilipili ya kusaga. Ngozi ilikuwa imekauka na kuvunjika kwa kidole, nyama ya ndani ikiwa bado na maji yake, na harufu ya mkaa haikuizidi harufu ya samaki. Nimekula samaki wa kuchoma katika maeneo mengi ya jiji hili, na huyu namweka juu kabisa. Chipsi nilizoonja kwenye sahani ya jirani zilikuwa zimelainika kwa kukaa, chagua ndizi.

Kuhusu majira, miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, haifai, na kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka mawimbi huchafua maji na kuwatapisha wasiozoea. Kuanzia Oktoba hadi Februari bahari huwa tulivu zaidi, ingawa jua la Desemba na Januari ni kali na vivuli vya makuti kisiwani huwahiwa asubuhi. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na mfuko wa kurudishia takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo kikapu ndicho kinachofaa.

Mtu mzima asiyetembea vizuri anaweza kufurahia Jumamosi yote na kuikosa Mbudya bila kujuta, kwa sababu magofu na mlo wa jioni vinatosha kuifanya safari iwe na maana. Familia yenye watoto wadogo ipange kuondoka kisiwani saa tisa alasiri, kabla upepo haujaongezeka na kabla Barabara ya Bagamoyo haijajaa magari ya wanaorudi mjini. Wanaotumia daladala watapanda palepale Mtongani, na wakiwahi muda huo watapata viti.