Kilomita mbili na futi kamba: tumeipima njia ya matembezi ya katikati ya jiji

Kwenye ramani wanayowagawia wageni wameandika neno moja tu: "inafikika." Pembeni yake wameweka ile alama ya buluu ya kiti cha magurudumu, basi. Mimi natumia kiti cha kusukuma kwa mikono, huu mwaka wa kumi na moja, na neno hilo tunafahamiana. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mtu mwenye miguu yake miwili alipita hapo siku moja, akaona si pabaya. Ndiyo maana siku hizi sitoki bila futi kamba ya fundi mfukoni.

Safari hii nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Yeye haoni, anatumia fimbo nyeupe. Tukiwa wawili tunaikagua njia hasa, kwa sababu kinachomfaa yeye huweza kunitesa mimi, na kinachonifaa mimi huweza kumgharimu yeye maisha. Nitafika huko.

Njia ni ya kilomita mbili na kidogo: kituo cha mabasi, uwanja wa wazi, makumbusho, mitaa ya zamani, halafu bustani.

Kilomita ya kwanza nawasifu bila kubana. Wametandaza vitofali bapa vya zege, vimebanana vizuri, hakuna pengo la kumeza tairi dogo la mbele. Asiyetumia kiti hajui kwamba hayo matairi madogo ndiyo adui wa nyumbani: likiingia kwenye mwanya wa mfuniko wa mtaro, kiti kinasimama ghafla na wewe unaendelea na safari peke yako. Hapa nondo za mifuniko zimelazwa kukingama na njia, si kufuatana nayo, na mwanya haupiti sentimita moja. Aliyefanya hivyo alifikiri. Hata mwinamo wa pembeni wameupima. Njia ikiinamia barabarani kupita kiasi, zaidi ya sentimita mbili kwa kila mita, kiti kinavutwa upande na unabaki kusukuma kwa mkono mmoja njia nzima. Nilipofika uwanjani viganja vyote viwili vilikuwa vimechoka sawasawa.

Sasa hilo la mimi na shemeji. Penye kivuko, mimi nataka ukingo wa njia ushushwe mpaka uwe sawa na barabara. Hata sentimita mbili zikibaki nasukuma mara mbili tatu. Shemeji anautaka ukingo huo huo, kwa sababu fimbo yake ikigonga pale ndipo anajua barabara imeanza. Ukiuondoa kwa ajili yangu, yeye anaingia katikati ya magari bila kujua. Dawa yake ipo tangu zamani: vigae vyenye nundu, alivyovibuni Mjapani Seiichi Miyake na kutandazwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Nundu maana yake simama, mistari mirefu maana yake endelea. Kwenye kivuko cha kwanza wamevipanga inavyotakiwa. Vinanitetemesha mpaka meno, lakini ni mita moja tu, navumilia kwa ajili ya shemeji.

Uwanjani mambo yakaharibika. Vigae vya mistari vinaanza vizuri, shemeji akavifuata kwa mwendo wake wa kujiamini, na vikampeleka moja kwa moja mpaka kwenye ubao wa matangazo uliosimamishwa juu ya mstari wenyewe. Goti likalia.

"Shem, huu ubao umeandikwa nini?"

"Wageni wote mnakaribishwa."

Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Mimi sikucheka sana. Kigae hakina kosa, fundi hana kosa; kosa ni kwamba hakuna anayepita asubuhi kuangalia kilichowekwa juu ya kazi ya fundi. Kabla ya kumaliza uwanja tulikuta vizuizi vitano: mbao mbili, pikipiki moja, mtungi wa maua na pipa la taka.

Kivuko kikubwa baada ya uwanja nakipa alama mbili tofauti. Taa ina mlio, taratibu ikiwa nyekundu na haraka ikiwa kijani, na shemeji aliuelewa mara moja. Kitufe kiko urefu wa sentimita 105, nakifikia nimekaa. Lakini barabara ina upana wa mita 14 na kijani kinadumu sekunde 9. Nilihesabu mara tatu. Kadirio linalotumika sana ni kwamba mtu huvuka mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo hata huyo mtu wa kadirio angehitaji karibu sekunde 12. Tuliishia kwenye kisiwa cha katikati ya barabara, chenye upana wa sentimita 90. Kiti changu, kikiwa na miguu yangu mbele, kina urefu wa sentimita 110. Fanyeni hesabu wenyewe ni kitu gani kilibaki nje huku mabasi yakipita.

Makumbusho. Kuna ngazi tatu na pembeni yake rampu, yaani mteremko wa kupandishia kiti, na rampu ndiyo iliyowapa ile alama ya buluu, sina shaka. Nikatoa futi kamba: kimo sentimita 42, urefu wa rampu mita 2.5. Kipimo cha kawaida ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, yaani ilipaswa kuwa na mita 5 na sentimita 4. Hii ni kali mara mbili. Nilijaribu peke yangu, na katikati matairi ya mbele yakaanza kunyanyuka. Shemeji akashika nyuma, akasukuma, tukafika juu mimi nikimwelekeza kushoto, kulia, kama nahodha. Mlangoni mhudumu kijana alimtazama shemeji, akamuuliza, "Anaweza kusimama kidogo tuvushe kiti hapo kwenye kizingiti?"

"Muulize mwenyewe," shemeji akamjibu. "Mimi hata simwoni."

Ndani hakuna tatizo. Lifti ina sauti na namba za nukta nundu, na sanamu mbili wanaruhusu kuzigusa. Shemeji alikaa nazo karibu nusu saa.

Choo, sasa. Mlango ni mpana, sentimita 92, unafunguka nje, jambo zuri: ukianguka ndani, mwili wako hauuzuii. Vishikio viko imara. Ila ile nafasi ya kando ya bakuli, ambayo ndipo kiti kinapokaa ili nijihamishe, imejaa ndoo, fagio na magaloni ya sabuni. Na kamba nyekundu ya kuitia msaada wameifunga fundo juu, usawa wa bega la mtu aliyesimama, labda kwa sababu ilikuwa inawasumbua wakipiga deki. Kamba hiyo hushushwa mpaka karibu na sakafu kwa sababu anayeihitaji huwa yuko sakafuni. Niliifungua fundo mwenyewe. Ndoo nilimwachia mhudumu.

Mitaa ya zamani siielezi sana: mawe ya mviringo, mita 300, nikageuka nusu yake. Haiwezekani kuing'oa na sidai iondolewe. Bustani tuliingilia mlango wa nyuma, kwa barabara ya kawaida yenye lami. Ni tambarare, ina madawati yenye egemeo na kivuli.

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama ile ramani ingesema ukweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 9, hauzungumzii majengo na barabara tu, unataja na taarifa pia. Mimi sihitaji kuambiwa kama panafikika. Niambieni rampu ni 1 kwa 6, mawe ya mviringo ni mita 300, choo kiko wapi, nami nitaamua kama nije peke yangu, nije na shemeji, au nibaki kitandani.

Ukienda na kiti, anzia kituo cha mabasi, kata kabla ya mitaa ya zamani, uingie bustanini kwa nyuma. Usiyeona, nenda asubuhi mapema kabla mbao hazijatolewa nje.

Tulipokuwa tunaondoka nilipita kwenye dawati la wageni nikawaachia karatasi yenye vipimo vyote. Yule dada wa dawatini aliisoma kimya, akafika kwenye sentimita 42, akauliza rampu hupimwaje. Nikampa futi kamba, shemeji akabaki kunishikia begi, tukatoka naye nje mpaka kwenye zile ngazi. Alipiga magoti akapima mwenyewe. Yeye alipata 43.