Cherehani ya kununua kama unafundisha watoto, nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kukimbia

Mtu akisikia kwamba Jumamosi nakaa na watoto kumi na nane tunashona, swali la kwanza huwa "mna mashine gani?" na la pili "za umeme?" Hapana, sio za umeme, na hapo wengi wananiangalia kwa huruma kama vile nimekosa mfadhili. Ila hata nikipewa hela leo naenda kununua ile ile ya mkono.

Niweke sawa kwanza: naongelea watoto wa miaka 8 mpaka 14, wengi hawajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano, chumba kimoja, soketi mbili na LUKU inayopenda kuisha siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Kama unafungua kiwanda cha yunifomu hapa sio kwako. Bei siandiki, maana ya Kariakoo ya Jumatatu sio ya Ijumaa na wakisikia tu neno "mradi" inapanda ukiwa umesimama hapo hapo, kwa hiyo nenda na fundi unayemfahamu na yeye ndio aongee, wewe kaa kimya ushike mfuko.

Namba moja ni cherehani ya mkono. Ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, inakaa kwenye kitako cha mbao, kulia ina mkono wa kuzungusha. Wengi tuliikuta kwa bibi imefunikwa kitambaa cha kufuma. Butterfly ya Shanghai ndio utaiona sana, na Singer za zamani bado zipo mitaani, nyingine zimetoka Clydebank kule Uskochi, kiwanda chenyewe kilifungwa 1980 ila mashine zake bado zinapiga mzigo. Uzuri wake kwa mtoto ni huu: ukizungusha mkono mara moja unapata kama mishono mitatu, basi, na ukiachia inasimama. Haikimbii. Mtoto anaiona sindano ikishuka, anaona uzi wa juu unavyoenda kuuchukua wa chini, yani anaelewa mshono unatokeaje badala ya kukanyaga kitu na kuomba Mungu.

Ubaya wake unajulikana, mkono wa kulia unazungusha kwa hiyo kitambaa kinabaki na mkono wa kushoto peke yake, na mtoto wa miaka tisa hawezi. Sisi tunawakalisha wawili wawili: anayezungusha ni dereva, anayeshika kitambaa ni konda, na kama kwenye daladala konda ndio mwenye amri. Akisema "twende" dereva anazungusha, akisema "shusha" anaacha. Siku ya kwanza hatuweki uzi kabisa, wanapitisha karatasi ya daftari lenye mistari, sindano itoboe juu ya mstari. Kelele zinakuwa za stendi ya Mbagala lakini mpaka saa sita karatasi zimenyooka matundu na hakuna aliyechomwa kidole. (Hiyo sindano ya karatasi weka pembeni usishonee kitambaa tena, imeshakuwa butu.)

Ukinunua angalia gurudumu la kichwa (kichwa ndio mashine yenyewe bila kitako wala meza), lile la kulia, liwe na matundu kama spoku za baiskeli, maana mkono wa kuzungushia unashika humo. Likiwa zima lisilo na tundu hutaweza kufunga mkono mpaka ulibadilishe. Watu wanarudi nyumbani na kichwa kizuri halafu mkono haufungi.

Namba mbili, ya miguu. Kichwa ni kile kile, tofauti meza na pedeli, na inaacha mikono yote miwili huru, kwa hiyo kwa wa miaka 12 kwenda juu naipenda kuliko hata ya mkono. Shida ni wadogo: miguu haifiki, ukimshusha kiti meza inamfika kidevuni. Shida ya pili ni gurudumu kurudi nyuma. Mtoto akianza kukanyaga vibaya linageuka, uzi unakatika au unajisokota chini mpaka mnakaa dakika kumi na kibisibisi. Wafundishe kulianzisha kwa mkono wa kulia, linazunguka kuja kwako, ndio mguu ufuate. Mkanda wa ngozi ukilegea unakatwa kidogo unaungwa tena kwa kipini chake, nunua mmoja wa akiba.

Namba tatu ndio hiyo ya umeme ya nyumbani, na hapa nina kidonda. Nilikuta mtumba wa Japani kwenye duka moja, mweupe, msafi, una mishono ya zigizaga na ya vifungo, muuzaji kaniwashia nikaona inaenda vizuri nikalipa. Nyumbani nikachomeka. Ikazunguka kama panga boi, harufu, moshi, kimya. Kule dukani ilikuwa imechomekwa kwenye kiboksi chini ya meza nami sikuuliza ni cha nini, kumbe transfoma. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Kwa hiyo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote igeuze, tafuta kibandiko karibu na mota au pale pedali inapochomekwa, ikiandikwa 100V au 120V weka hela ya transfoma kwenye hesabu au iache. Za Uingereza na Ulaya ni 220 mpaka 240, hizo hazina neno. Ukipata nzuri, iwe na swichi ya kupunguza spidi, kama haina weka kipande cha mbao chini ya pedali isikanyagike mpaka mwisho. Moja inatosha klabu nzima, kwa zigizaga na vifungo tu.

Namba nne, za kiwandani, zile za meza kubwa na mota chini. Fundi wako atakushauri hizi kwa sababu yeye ndizo anazotumia na ni mashine kweli kweli. Zinafika mishono 5,000 kwa dakika. Mtoto. Hapana jamani. Zenye mota ya sevo unaweza kuzipunguza spidi, wape wale wakubwa wanaotaka kwenda VETA, wengine wasiisogelee.

Ya mwisho kabisa ni vile vya plastiki, vya rangi ya zambarau vya betri, na kile cha kubana mkononi kama stepla. Mtu mwenye moyo mzuri atawaletea zawadi, mshukuru. Kile cha stepla kinatumia uzi mmoja, ukivuta ncha mshono wote unafumuka kama mfuko wa sukari, na cha betri ukikiwekea kitenge mikunjo minne kinakwama. Mtoto anadhani yeye ndio hajui kushona. Hela ya vitano vya hivyo ongezea kwenye moja ya mkono.

Dukani sasa, usikubali kile kitambaa laini anachokujaribia muuzaji, nenda na cha kwako: kitenge ukikunje mara nne na kipande cha jinzi. Shona, geuza, angalia chini. Ukiona vitanzi vya uzi chini mara nyingi kosa liko juu, uzi haujapita vizuri au umelegea, mwambie atunge upya kabla hujaikataa. Shika sindano uitikise, ikicheza pembeni acha. Pitisha kidole kwenye yale meno yanayosukuma kitambaa, yakiwa laini kama sabuni yameisha. Uliza sindano: za hizi za nyumbani zina ubavu mmoja bapa, za kiwandani ni duara kote na haziingiliani, chukua namba 14 nyingi na 16 chache kwa jinzi. Mafuta yawe ya cherehani, sio ya kupikia, yanaganda mpaka mashine inakuwa nzito kama kinu.

Vitambaa usinunue mwanzoni, mafundi wa mtaani wanatupa vipande kila jioni, chukua kiroba uwe unapita. Sisi tulianza na pochi za penseli, tukaja mikoba, sasa hivi wakubwa wanashona pedi za kufua na wavulana wamo, walicheka wiki moja tu wakaacha.

Mikasi nunua mikali, butu ndio inakata vidole kwa sababu mtoto anatumia nguvu. Ile ya kitambaa ifunge utepe wa kitenge kwenye mpini ili atakayeikatia karatasi ajulikane. Na tafuta spika mbovu, toa sumaku yake, ifunge kamba, mtoto mmoja anaiburuta sakafuni kabla ya kuondoka. Wiki iliyopita imetoka na pini kumi na moja na funguo ya kabati tuliyoitafuta tangu Ramadhani.