Vibano vitatu, jahazi moja: uzoefu wangu

Jahazi ninaloliunda ni modeli ya kipimo cha 1 kwa 50. Jahazi la mita 15 kwangu lina sentimita 30, na kapi (roda ya kupitishia kamba) la sentimita 15, ambalo baharia hulishika kwa kiganja kizima, kwangu ni milimita 3. Nalichonga kwa kibanzi cha mbambakofi ninachopewa na seremala, nalitoboa kwa keekee ya mkono yenye ncha ya nusu milimita, kisha napitisha uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki. Kazi hiyo vidole haviiwezi. Ni kibano, na kibano kikiwa kibaya utadhani mkono wako ndio mbaya. Mimi nilidhani hivyo kwa miezi minane.

Kibano changu cha kwanza kilikuwa ndani ya seti ya vibano sita, nilivyonunua kwa shilingi 300 kwenye kibanda cha vifaa vya simu, si mbali na Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Vyeusi vyote, vimeandikwa ESD na namba. Herufi hizo maana yake ni kwamba kibano kimetengenezwa kwa kazi za elektroniki, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vipuri vya simu. Kwa fundi wa simu ni jambo la maana sana. Kwa mbao na uzi halikusaidii kitu, na mimi nililinunua nikidhani ni alama ya ubora.

Usiku mmoja nilikuwa nafunga kapi la henza, kamba ya kupandishia tanga, lile la juu kabisa ya mlingoti. Nikaona linataka kuteleza, nikakaza. Likafyatuka kama kokwa ya ukwaju unapoibana kwa vidole vyenye maji. Binti yangu akashika tochi ya simu, mimi nikapiga magoti, tukapapasa mkeka mzima mpaka mama yake akatuambia tukalale. Tulilipata siku ya pili, limejipenyeza kwenye mshono wa ukili. Na hilo halikuwa la kwanza. Ni lile tu lililopatikana.

Nikakichukua kibano nikakipeleka kwa fundi saa mmoja wa Mji wa Kale, mzee ambaye marehemu baba alikuwa akimpelekea saa zake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Saa ina nini?"

"Saa sikuja nayo, ami. Nimekuja na kibano. Charusha vitu."

Hakuniuliza narusha nini. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango, akakifumba polepole, akaniita nisogee. "Waona mwanga hapo kati?" Niliuona: ncha mbili zimegusana mwishoni kabisa, nyuma yake uwazi mwembamba kama unywele. "Sasa tazama nikikaza." Akakaza, na mbele ya macho yangu ncha zikaanza kuachana, kisha moja ikapanda juu ya mwenziwe. "Hiki chakutesa bure," akasema, akanirudishia.

Hapo ndipo nilipofahamu. Mikono ya kibano dhaifu hupinda katikati unapoibana, na inapopinda huku, ncha hufunguka kule. Kadiri unavyoogopa kitu kisianguke ndivyo unavyokaza, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyokisukuma nje. Kibano kizuri kikifumbwa kwa upole hugusana kwenye ncha, ukiongeza nguvu kidogo mguso unaenea nyuma milimita kadhaa, na ncha hazipishani.

Ami akanionyesha vyake. Kwa mafundi saa vibano vina namba: 5 ni ncha nyembamba kama sindano, 7 ni iliyopinda, 2A ni bapa yenye mdomo wa mviringo. Akang'oa unywele mmoja mgongoni mwa mkono wake kwa ile namba 5, akaulaza juu ya kioo cha meza, akauokota tena. Akanipa nijaribu kwa changu. Niliokota hewa tu. Jaribio hilo la unywele ndilo nafanya dukani mpaka leo, na muuzaji akikataa nisikifungue kwenye pakiti, naondoka.

Jambo jingine alilolisisitiza ni ulaini wa springi. Akaniambia nikishike nimekifumba nusu, nizungumze naye habari za nyumbani. Kufikia kumaliza kumuelezea hali ya mama, kidole gumba kilikuwa kimeanza kuuma. Cha kwake nilikishika muda ule ule sikuhisi kitu. Anayekaa saa mbili anafunga kamba za tanga, hili ni kubwa kuliko hata wembamba wa ncha, kwa sababu mkono uliochoka hutetemeka.

Kibano cha pili nilimwagiza bin ami yangu aliye Dubai. Majina makubwa yapo: Dumont wa Uswisi kwa mafundi saa, Tamiya wa Japani kwa waunda modeli. Bajeti yangu ilikuwa ndogo, nikamwambia asitafute jina, atafute namba 7, na akipime kwa mwanga kabla ya kulipa. Alinitumia picha ya video akiwa dukani, amekiinua juu ya taa, mwenye duka amesimama kando. Kilinigharimu kama shilingi 1,400 za kwetu.

Wallahi, ni kama nilipewa mkono mpya. Kile kipindo cha mbele kinafanya kiganja kikae pembeni, kwa hiyo jicho linaona ncha zote mbili badala ya kuona vidole vyangu mwenyewe. Naweza kuingia kati ya mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, bila kugusa tanga lenyewe. Nikifunga demani, kamba ya kuongozea tanga, naingiza ncha chini ya uzi, naunasa mwisho wake upande wa pili, nauvuta taratibu mpaka nta inapokamata. Kwa kibano kilichonyooka ningelazimika kuliinamisha jahazi zima. Kwa maoni yangu, mwenye pesa ya kibano kimoja tu anunue kilichopinda, ingawa wengi huanza na kilichonyooka kwa kuwa ndicho kinachoonekana cha kawaida.

Cha tatu ni kile cha kinyume: ukikibana kinafunguka, ukikiachia kinajifunga chenyewe. Hiki ndicho mkono wangu wa tatu. Kinashika kapi huku mimi napitisha uzi, au kinabana vipande viwili mpaka supaglu ikauke. Nilichonunua mwanzo kilikuwa na meno ndani ya ncha, kikaacha alama za kuumwa kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa wa jahazi, ambazo bado zinaonekana ukiliinamisha jahazi kwenye mwanga. Tafuta kisicho na meno. Springi yake ikiwa kali, chuna ganda la waya mwembamba wa umeme, uvike kila ncha kipande kidogo. Mbao laini haitaumia.

Wanaounda ndege za plastiki watahitaji pia kile bapa, 2A, kwa karatasi za nembo zinazolowekwa majini. Ncha kali huzichana.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wa pwani lazima tulitazame zaidi. Nyumba yetu iko Kibokoni, na meza yangu iko dirishani kwa sababu ya mwanga. Msimu wa kusi niliacha kibano hapo siku tatu, nikakikuta na vidoa vya kahawia kwenye ncha. Kilikuwa cha chuma kinachoitwa hakipati kutu. Lakini chumvi ya hewa ya bahari hula ile ngozi nyembamba inayokikinga, na vyuma vya aina hiyo havilingani. Vile ambavyo sumaku haivivuti kwa kawaida huvumilia kutu vizuri zaidi. Vile vinavyovutwa mara nyingi huwa vigumu, vinatunza ncha kali, ila ndivyo vinavyopata vidoa haraka, na vinaweza kushika usumaku vikaanza kuvuta misumari midogo ambayo hukutaka kuigusa. Ndiyo maana nikienda dukani nabeba sumaku ya spika iliyokufa.

Siku hizi nikimaliza kazi nafuta kibano kwa kitambaa kikavu, napaka tone la mafuta ya cherehani, nakiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kabla ya kugusa uzi nayafuta mafuta, la sivyo gundi haishiki. Ncha naivika kipande cha mrija wa soda.

Mrija huo nilianza kuutumia baada ya namba 7 kuanguka kwenye sakafu ya saruji, ikatua kwa ncha. Niliinyoosha pole pole kwa koleo, nikakunja msasa wa namba 1000, nikaubana kati ya ncha na kuuvuta mara kama ishirini, kisha nikaupima mwanga tena. Imerudi, ingawa si kama mwanzo: unywele inaokota, lakini lazima niushike kwa upande mmoja wa ncha.

Supaglu ikigandia kwenye ncha, asetoni inaiyeyusha, ile ile inayotoa rangi ya kucha. Iweke mbali na modeli ya plastiki, maana huila na plastiki yenyewe. Kwenye vile vibano vyeusi vya kwanza iliifanya rangi ibambuke, na vipande vyake vikaingia kwenye gundi. Vitano kati ya vile sita nimempa jirani anayerekebisha simu, na kimoja nakorogea rangi.

Jahazi limebakisha makapi manne ya demani. Binti yangu ameomba amalizie mawili kwa namba 7, na jana alilifunga la kwanza bila kulirusha.